Mtoto Atakaye Jukwaa
(Hotuba iliyosomwa na karani mwanachama mbele ya wanachama na jamaa zao, Ngokolo, Shinyanga)



Ndugu mmoja wa chama chetu aliniuliza swali ambalo naona si lake peke yake. Binti yake asoma vema shuleni, lakini ameazimia kuwa mwimbaji na mwigizaji wa sinema. Mama mtu acheka. Baba akasirika, kwa kuwa ajua ya kwamba jukwaa halina mshahara wa mwisho wa mwezi wala kiinua mgongo. Je, amzuie?

Yafaa tusijibu upesi. Sisi wa Usukuma si wageni wa mambo haya. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hucheza ngoma zao kwa wakati mmoja, na waamuzi ni watu wenyewe: upande uvutao watazamaji wengi ndio ulioshinda. Hapo ukoo haumsaidii mtu, wala cheo. Manju aliyelala msimu mzima pasipo kutunga nyimbo mpya huwaona watu wakimpa mgongo mchana kweupe. Jukwaa ni hakimu mkali kuliko mkaguzi wa hesabu.

Sasa tutazame mfano wa pwani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa. Hakupata shule. Alichukua vyungu kichwani, akavitembeza na kuviuza kwa kuimba. Wahenga husema chema chajiuza. Lakini chungu cha Fumba, kwa wema wake wote, kilihitaji sauti ya kukinadi. Mwaka 1911 alihamia mjini. Wako waliomdhihaki kwa asili yake na kwa vyungu vyake. Yeye aliketi chini ya walimu, akajifunza kuimba kwa kufuata ala na kutamka Kiarabu sawasawa. Mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenzake mpaka Bombay, wakaimba katika sahani za santuri za His Master's Voice. Hivyo taarabu, ambayo katika jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, ikasikika kwa Kiswahili katika nyumba za watu wa kawaida. Alifariki mwaka 1950.

Tena aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, karani wa serikali kama sisi, aliyeingia kazi ya forodha mwaka 1926.

Wala asiseme mtu kwamba mtumishi wa serikali akiigiza hupoteza heshima. Rashidi Kawawa, alipokuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, aliigiza mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika sinema iitwayo Muhogo Mchungu. Ndiye huyo aliyekuwa rais wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Sidai kwamba sinema ilimpa cheo; nasema haikumzuia kukifikia.

Lakini tusidanganyane. Hao tuwatajao ni wachache. Kwa kila Siti mmoja, ni mabinti wangapi waliokwenda mjini na sauti nzuri wakarudi mikono mitupu? Mzazi aogopaye hana kosa. Hofu yake ni upendo, ila yahitaji kuongozwa na akili.

Kwa hiyo nawashauri wazazi mambo matatu. La kwanza, mtoto asiache shule kwa ajili ya jukwaa. Siti alitafuta kwa taabu elimu aliyoikosa utotoni. Mtoto aliye nayo mkononi asiitupe. Siku atakapoletewa mkataba, atausoma mwenyewe kabla ya kuutia sahihi.

La pili, apewe mwalimu, si sifa tupu. Sifa za shangazi hazijamfundisha mtu kushusha pumzi. Mwalimu atamrudisha mara kumi penye kosa moja, na hapo tutajua kama mtoto aipenda kazi au apenda makofi.

La tatu, apimwe mbele ya wasio jamaa zake, kama wapimwavyo Bagika na Bagalu. Akishindwa angali mdogo na nyumbani pana chakula, atakuwa amejifunza kwa bei nafuu. Akishinda, baba asisikie habari hiyo kwa majirani. Aketi safu ya mbele.

Mtoto anayekatazwa pasipo kupimwa huzeeka akiamini kwamba angalikuwa nyota, na lawama humwangukia baba hata kaburini. Aliyepimwa kwa haki, hata akirudi kushika kalamu ofisini, hurudi kwa moyo mkunjufu, naye huimba harusini bila uchungu.