Kodi ya Ardhi na Njia ya Mlipaji Kusikiwa



Mtu apatapo barua ya kumtaka alipe kodi ya ardhi kupita ile ya mwaka uliotangulia, aghalabu hufanya moja katika mambo mawili. Hulipa huku akinung'unika, au huikunja karatasi ile na kuitia chini ya godoro. Yule wa kwanza hajui fedha yake imekwenda wapi. Yule wa pili atajua siku atakapotaka kumgawia mwanawe kiwanja au kukiuza apate karo ya shule, kwa maana hapo aweza kutakiwa aoneshe hati ya kaunti kwamba kodi zote zimelipwa. Deni lililolala chini ya godoro halilali, linazaa.

Mji wa Kisii unazidi kutanuka, na mashamba yaliyokuwa ya migomba na chai yamekatwakatwa kuwa viwanja vya nyumba na maduka. Mji ukaribiapo, wakadiriaji wa thamani hawako mbali. Mjane mwenye nusu eka, ambaye hajauza wala hana nia ya kuuza, aweza kuambiwa kwamba ardhi yake sasa ni mali ya thamani kubwa, ingawa mapato yake ni yale yale ya mboga na ndizi. Hapo ndipo shauri hili lilipo na uzito.

Watu wa Nyanza si wageni wa jambo hili. Mji wa Kisii ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1907, na kodi ya nyumba ikafuata. Kodi ile haikuhesabu watu wala fedha za mtu, ilihesabu nyumba. Mume mwenye wake watatu na nyumba tatu alilipa mara tatu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kodi ilipandishwa hata ikafika shilingi 16 mwaka 1920, na mwaka uliofuata waajiri wakapunguza mishahara kwa kiasi cha theluthi moja. Kodi ikapanda, ujira ukashuka, na yule yule mtu akatakiwa alipe.

Tarehe 23 Desemba 1921 watu wengi walikusanyika Lundha, katika nchi ya Gem. Waliouongoza mkutano ule walikuwa walimu waliosoma Maseno, na Bwana Jonathan Okwiri ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Watu wakauita mkutano huo Piny Owacho, yaani nchi imesema. Hawakuchoma ofisi ya mtu. Waliandika madai yao moja moja: kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi za lazima zifungwe. Katika mwaka 1922 Gavana mwenyewe alikuja kukutana na watu huko Nyahera. Kambi zikafungwa, na kodi ikashushwa hata shilingi 12. Kipande hakikuondolewa. Kwa hiyo walipata sehemu, wala si yote, na sehemu ile waliipata kwa sababu kila dai lilikuwa limeandikwa peke yake na liliweza kujibiwa peke yake.

Mwaka 1923 chama chao kiligeuzwa chini ya uongozi wa Archdeacon Owen kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Chama hicho kilimtaka kila mwanachama aahidi kuchimba choo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliokicheka, wakasema ni ajabu mtu aende kulalamikia kodi kisha arudi nyumbani na kazi ya kuwinda panya. Wengine walisema, na si bila sababu, kwamba makali ya madai ya kwanza yalipunguzwa hapo.

Sasa twende kwenye mambo ya leo. Tangu mwaka 2013 kodi ya ardhi imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, kwa nguvu ya kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Lakini kifungu cha 210 kinasema kwamba hapana kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Barua ya ofisa si sheria, wala tangazo lililobandikwa sokoni. Mlipaji ana haki ya kuuliza: ni sheria gani ya Bunge la Kaunti iliyoweka kiasi hiki, na ilipitishwa lini?

Watu wa Kiambu waliuliza hivyo. Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 iliongeza ada na kodi nyingi, na wakazi wakaipeleka Mahakama Kuu. Tarehe 17 Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria ile nzima. Hakusema kwamba kodi ilikuwa kubwa mno; alisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kutoa tangazo gazetini hakutoshi. Kaunti yapasa ifanye juhudi ya kweli ya kuwafikia watu huko waliko, makanisani, misikitini, barazani na katika redio za lugha zao. Hukumu ile imetajwa mara nyingi tangu hapo katika kesi za namna hiyo.

Lakini upande wa pili wa hukumu hiyo wafaa kutazamwa. Baraza likiitwa na watu wa Mosocho wasiende, daftari la mahudhurio litaonesha kwamba waliitwa. Hapo hoja ya Kiambu haiwafai tena.

Kisha iko hesabu yenyewe, na wengi hukosea hapa. Kodi ya ardhi ni mambo mawili yakizidishwa: thamani ya kiwanja na asilimia inayotozwa. Huko Nairobi kitabu cha thamani cha mwaka 1982 kilitumika kwa zaidi ya miaka 35, na asilimia ilifika 34. Kitabu kipya kilipoletwa, asilimia ilishushwa hata 0.115. Tuseme kiwanja kilikuwa kimeandikwa shilingi 20,000 katika kitabu cha zamani; kodi yake ni shilingi 6,800 kwa mwaka. Kikiandikwa shilingi milioni 6 katika kitabu kipya, kodi ni shilingi 6,900, karibu sawa na kwanza. Lakini kikiandikwa milioni 15, kodi ni shilingi 17,250. Anayepiga kelele juu ya asilimia pekee ataoneshwa kwamba imeshuka, naye atanyamaza, kumbe mzigo umo ndani ya thamani. Kwa hiyo mwenye kiwanja na akakague kitabu cha thamani, atazame jina lake, namba ya kiwanja na ukubwa wake, maana hata kosa la tarakimu moja laweza kumtoza mtu kodi ya jirani. Chini ya sheria ya zamani mwenye ardhi alikuwa na siku 28 za kuweka pingamizi. Sheria mpya ya kitaifa ya kodi za ardhi ilitungwa mwaka 2024 kushika mahali pa zile za zamani, basi siku za pingamizi na ziulizwe ofisini mara kitabu kitangazwapo, wala si mwezi wa tatu baadaye.

Kulalamikia kodi bila kutazama matumizi ni kazi nusu. Mwaka 1978 wenye nyumba wa California, huko Marekani, walipiga kura wakaifunga kodi ya nyumba isipite asilimia 1 ya thamani. Mapato hayo ya serikali za mitaa yalipungua kwa zaidi ya nusu, na matokeo yake ni kwamba maamuzi mengi juu ya fedha za shule yalihamia makao makuu ya jimbo. Kenya nayo imewahi kuona jambo la jamaa hiyo: sheria ya 1969 iliziondolea halmashauri nyingi kazi ya shule za msingi, afya na barabara, na zikabaki na majengo na makarani. Mlipaji anayetaka barabara ya Mosocho ipitike wakati wa masika hataki kaunti isiyo na fedha. Anataka kujua fedha imeliwa na nini.

Na vipimo viko. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo. Kanuni za 2015 zinataka mishahara na marupurupu yasipite asilimia 35 ya mapato. Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa za kila kaunti, na humo huandikwa safari, posho za vikao na madeni yasiyolipwa. Kijana mmoja mwenye simu aweza kuisoma kurasa za Kisii kwa jioni moja na kuwaeleza wazee kwa Ekegusii. Haihitaji wakili.

Kalenda nayo si siri. Makadirio ya bajeti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Muswada wa fedha, ambao ndio unaobeba ada na kodi, hufuata. Mtu anayengoja mpaka barua ya kodi imfikie amefika sokoni jua limekuchwa.

Watu wa Mosocho wanaijua risaga: majirani hukusanyika kwenye shamba la mmoja leo, na kesho la mwingine. Kundi la namna hiyo lafaa kwa kazi hii pia. Watu kumi wa kijiji kimoja wakikagua kitabu cha thamani pamoja watagundua kama viwanja viwili vilivyopakana vimewekewa thamani mbalimbali. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa maandishi, na kifungu cha 89 kinaifunga kaunti kulijibu bila kukawia.

Ombi lenyewe na liwe fupi, dai moja kwa kila aya. Liwe na majina, sahihi na namba za viwanja. Zichapwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa, irudi Mosocho, ikawekwe kwa mtu ambaye nyumba yake haivuji.