Heshima ya Watumishi wa Hoteli
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Masara



Kazi yangu katika chama hiki ni kuwaandikia wanachama barua zao, na barua moja ndiyo inayonisimamisha mbele yenu leo. Msichana mmoja, mtumishi wa hoteli, alinijia akitaka nimwandikie barua ya kuacha kazi. Nilipomwuliza sababu alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba mgeni mmoja humpapasa kila ampelekeapo chai. Na mwenye hoteli, alipoambiwa, alijibu kuwa mteja hafukuzwi. Nilimwomba tuisome sheria kwanza.

Sheria ipo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamlinda mfanyakazi anayetakwa kimwili na mwajiri, msimamizi au mfanyakazi mwenzake, kwa ahadi ya upendeleo au kwa tishio juu ya kazi yake. Na vilevile dhidi ya maneno, picha na vitendo vya aibu asivyovitaka. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi yampasa kuandika taratibu za kuzuia mambo hayo, na kueleza malalamiko yapelekwe wapi. Jina la mlalamikaji lisitangazwe, ila pale uchunguzi au adhabu ihitajipo. Na kifungu cha 46 chakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ameleta malalamiko ya haki.

Lakini, ndugu zangu, yatazameni mapengo mawili. Hoteli zetu za sokoni zina watumishi wanne au watano tu, hazifiki 20. Tena kifungu cha 6 hakimtaji mgeni. Kweli, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yaruhusu mtu yeyote amshikaye mwenziwe kwa aibu ashtakiwe. Lakini ni nani atakayeiacha sinia mezani aende kituo cha polisi, hali mwenye hoteli hamwungi mkono?

Wenzetu wa mji wa Chicago, huko Marekani, waliliona pengo hili. Mwaka 2017 baraza la mji wao lilipitisha sheria yake lenyewe: kila mtumishi afanyaye kazi peke yake katika vyumba vya wageni apewe kidude cha kubonyeza aitie msaada, aruhusiwe kuondoka penye hatari, wala asiadhibiwe kwa kumshtaki mgeni.

Je, sisi hatuwezi? Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeipa kaunti mamlaka juu ya leseni za biashara, za vileo, na za nyumba ziuzazo chakula. Kwa hiyo naomba chama kiliandikie Bunge la Kaunti ya Migori, ili aombaye leseni ya hoteli, hata akiwa na mtumishi mmoja, atimize masharti matatu: abandike ukutani onyo kwa wageni, amruhusu mtumishi kukataa kumhudumia mgeni mwenye mikono mirefu, na aweke daftari la malalamiko ambalo mkaguzi ataweza kulisoma.

Bwana Mwenyekiti, yule msichana aliacha kazi mwisho wa mwezi. Mgeni yule bado anakunywa chai yake palepale. Barua ya msichana niliiandika kwa mkono wangu. Hii ya pili natumaini tutaiandika sote.