Homa na Maumivu ya Njia ya Haja Kubwa: Aibu Isiwacheleweshe



Mazungumzo ya leo yanahusu sehemu ya mwili ambayo watu wengi huona haya kuitaja hata mbele ya daktari, nayo ni njia ya haja kubwa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawakubagua maradhi ya kifua na maradhi ya makalio.

Fikirieni mfano wa kijana wa bodaboda. Jumatatu anahisi maumivu akikalia pikipiki, anadhani ni kiti kigumu na barabara mbovu. Jumatano maumivu yanapwita mchana na usiku, na akijipapasa anagusa uvimbe wenye joto. Alhamisi usiku anatetemeka kwa homa. Ijumaa anafika zahanati, lakini kwenye benchi wameketi majirani, na muuguzi ni mama wa rika la mamake. Anasema tu, "Nina homa." Anapimwa malaria na haipatikani. Anapewa dawa ya kutuliza homa, anarudi nyumbani. Jumapili hawezi kuketi wala kukojoa vizuri, na anapelekwa hospitali kwa dharura.

Muuguzi wa Ijumaa hakukosea. Alitibu alichoambiwa. Sentensi moja zaidi ingebadilisha safari nzima: "Nina homa, na pia nina maumivu kwenye njia ya haja kubwa." Hayo mawili yakija pamoja, jambo la kwanza ambalo mhudumu wa afya hulifikiria ni jipu.

Ndani kidogo ya njia ya haja kubwa kuna tezi ndogo zinazotoa ute wa kulainisha. Tezi moja ikiziba, vijidudu vya kawaida vilivyomo kwenye choo huzaliana ndani yake na usaha hujikusanya. Usaha huo hutafuta njia, ukasukuma nyama na ngozi ya kando. Ndiyo maana maumivu huongezeka siku hadi siku. Jipu la namna hii si dalili ya uchafu, si laana, wala si kurogwa. Huwapata wanaume zaidi, takriban mara mbili ya wanawake, lakini wanawake hupatwa, na hata watoto wachanga hupatwa.

Si kila maumivu ya hapo ni jipu. Mpasuko wa ngozi, ambao mara nyingi huletwa na choo kigumu, huuma kama wembe mtu anapojisaidia, na huenda ukaacha damu nyekundu kwenye karatasi. Bawasiri ya ndani aghalabu hutoa damu bila maumivu. Bawasiri ya nje iliyoganda damu huleta kinundu chenye maumivu makali ya ghafla. Magonjwa haya kwa kawaida hayaleti homa. Jipu huuma wakati wote, hata bila kwenda chooni, na huzidi mtu akiketi, akikohoa au akitembea. Baadhi ya magonjwa ya zinaa pia huleta maumivu na ute au usaha kwenye njia hiyo. Hayo nayo yana vipimo na tiba, na mgonjwa akimweleza mhudumu ukweli, hupata dawa inayofaa.

Kuna jipu lililo karibu na ngozi, ambalo huonekana likiwa limevimba na kuwa na joto. Kuna jingine lililojificha ndani. Hilo la ndani huenda lisionyeshe uvimbe wowote kwa nje. Mgonjwa huwa na homa, uchovu na maumivu mazito ndani ya nyonga, na wakati mwingine shida ya kukojoa. Kwa hiyo asijitazame kwa kioo, asione kitu, akajiambia amepona.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na maumivu hayo inamaanisha mtu aonwe siku hiyo hiyo, asingoje siku ya soko ipite. Iwapo anatetemeka sana, anapumua haraka, amechanganyikiwa, mkojo umepungua, au amelegea hawezi kusimama, maambukizi huenda yameingia kwenye damu. Ngozi ya eneo hilo au ya sehemu za siri ikigeuka nyeusi au ya zambarau, ikatoa harufu mbaya, au maumivu yakienea kwa kasi, nyama inaoza, na kila saa ina uzito wake. Hapo ni hospitali moja kwa moja, iwe mchana au usiku.

Wenye kisukari wawe macho zaidi, kwa sababu sukari ikiwa juu maambukizi husambaa upesi. Vivyo hivyo wanaoishi na VVU, hasa ambao hawajaanza dawa au wameziacha, na wanaopata matibabu ya saratani. Kwao homa inaweza kuwa ndogo na hatari ikawa kubwa.

Sasa tiba. Jipu lenye usaha hutibiwa kwa kupasuliwa na kutolewa usaha. Watu wengi hupenda kununua vidonge vya antibiotiki dukani, wameze, wangoje. Lakini usaha uliofungiwa ndani hauna mishipa ya damu, na dawa haufikii vizuri. Homa inaweza kushuka siku mbili huku jipu likiendelea kuchimba. Antibiotiki zina kazi yake: daktari huziongeza kwa mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu, mwenye tatizo la vali za moyo, au ngozi ya kando ikiwa imeambukizwa. Hazichukui nafasi ya kupasua.

Jipu dogo lililo karibu na ngozi hupasuliwa kwa dawa ya ganzi. La ndani hupelekwa chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi au amechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Wengi huogopa kisu, lakini usaha ukitoka nafuu huja haraka. Kidonda mara nyingi huachwa wazi kipone kutoka ndani kwenda nje, kazi ya wiki kadhaa.

Nyumbani, mgonjwa huketi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya kwenda choo, kisha hujikausha taratibu. Hunywa maji ya kutosha na hula mboga za majani, maharagwe, matunda na unga usiokobolewa, ili choo kiwe laini. Akipewa antibiotiki, huzimaliza zote.

Yako mambo ya kuepuka. Jipu lisitumbuliwe kwa wembe wala sindano nyumbani. Lisikandwe likaminywa. Yasiwekwe majivu, dawa ya meno wala mitishamba ndani ya kidonda. Na mtu asimeze dawa alizobakisha jirani.

Baada ya jipu kupona, kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa hubaki na nasuri, yaani kijinjia kidogo kutoka ndani ya njia ya haja kubwa hadi kwenye ngozi. Dalili yake ni kitundu kinachotoa usaha au maji maji, kikifunga na kufunguka tena. Nasuri haimaanishi upasuaji wa kwanza ulikosewa. Ina upasuaji wake, na wakati mwingine daktari huagiza pia vipimo vya kifua kikuu. Damu au kinundu kisichoisha nacho kichunguzwe, hata kama hakuna homa.

Safari inaanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, au zahanati iliyo karibu. Pale mgonjwa huchunguzwa, na akihitaji upasuaji huandikiwa rufaa. Mwenye dalili za hatari apelekwe hospitali bila kupitia foleni hizo. Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anaweza kujisajili kwa simu kupitia *147#. Lakini kutosajiliwa kusimfanye mtu mwenye dharura abaki nyumbani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kuhusu aibu, mgonjwa ana haki ya kuomba azungumze faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Anaweza kuomba kuhudumiwa na mtu wa jinsia yake akiwapo, au awe na mwenziwe chumbani. Akishindwa kutamka, aandike kwenye karatasi au aonyeshe kwa kidole. Wahudumu wa afya wameona haya mara nyingi, na kwao ni kazi kama kazi nyingine.

Jamaa nao wasaidie. Mume akianza kula amesimama, au mama mkwe akikataa kuketi huku anatetemeka, asichekwe. Aulizwe polepole, kando ya watu: "Unaumwa wapi?" Kisha atafutiwe usafiri.

Kijana yule wa bodaboda angeweza kurudi kazini baada ya siku chache, laiti angesema yote mawili Ijumaa. Atakayepatwa kesho na ayaseme.