Kivuko cha Ng'ambo

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaeleza habari za mahali patakatifu pa Wajaini, palipowekwa mbali sana na nchi yao ya asili.

Ujaini ni dini ya kale ya India. Amri yake iliyo kuu ni kutodhuru chochote chenye uhai, hata mdudu. Kwa ajili hiyo mtawa wao husafiri kwa miguu, wala hapandi chombo, maana gurudumu huponda viumbe wasioonekana. Mfanya biashara Mjaini aliweza kuvuka bahari, na watu wa Mombasa walijua hekalu la marumaru nyeupe lililojengwa mjini mwao mwaka 1963. Lakini mtawa angevukaje?

Mwaka 1975 mtawa mkuu mmoja, Acharya Sushil Kumar, aliiacha India kwa ndege. Baadhi ya Wajaini walimpinga vikali, kwa kuwa aliivunja desturi ya tangu zamani. Naye alikusudia kuyapeleka mafundisho ya kutodhuru kwa mataifa mengine. Mwaka 1983 aliweka Siddhachalam, penye vilima na misitu karibu na Blairstown, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Ukubwa wake ni kadiri ya eka 120.

Mahali pa hija Wajaini hupaita *tirtha*, yaani kivuko. Walimu wao wakuu 24 huitwa Tirthankara, wafanya kivuko, kwani waliwaonyesha watu njia ya kuvuka mto wa kuzaliwa na kufa. Huko India uko mlima Shikharji, ambapo 20 miongoni mwao huaminiwa kupata wokovu. Mwaka 2012 mfano wa mlima huo uliwekwa wakfu katika Siddhachalam: njia yapanda kilimani, na vijumba vya ibada vimepangwa kandokando.

Je, mlima mtakatifu waweza kuwa na mfano? Mawe ya Shikharji yamebaki kwao. Tena Digambara na Shvetambara, madhehebu mawili ya Wajaini, wameushindania mlima ule mahakamani miaka mingi. Kumbe katika Siddhachalam wote hukaribishwa mahali pamoja.

Sushil Kumar alifariki mwaka 1994. Twaona kuwa kivuko hakisifiwi kwa mawe yake, bali kwa watu wanaovuka salama. Na wanaofika pale leo hupanda kama wazee wao walivyopanda: kwa miguu.