Kazi ya Nyumbani ya Watoto Wadogo
(Maneno yaliyozungumzwa mbele ya vikundi vya Kitale na Bungoma)

Asanteni kwa kuacha shamba kidogo, na tunajua palizi haingoji mtu.

Leo tuongee juu ya ile kazi mwalimu humpa mtoto Ijumaa airudishe Jumatatu. Kama mnavyokumbuka, Mtaala wa Umilisi ulianza nchini kote Januari 2019, kutoka chekechea hadi Gredi ya 3, ukaanza kuchukua nafasi ya 8-4-4 iliyokuwako tangu 1985. Mtaala huu unamtaka mzazi ashiriki masomo ya mtoto. Hapo ndipo wengi wetu tulishtuka.

Katika kikundi chetu kuna mama mwenye mtoto wa Gredi ya 2. Mtoto aliambiwa alete picha za wanyama watano wa nyumbani. Mama akadhani lazima zichapishwe kwa saiba, na pesa hakuwa nazo. Jumatatu mtoto hakwenda shule. Jumanne vilevile. Jumatano mama akauza kuku wake wa mayai. Hebu fikirini, kuuza kuku ili upate picha ya kuku! Tulicheka, lakini kwa uchungu, maana mtoto alikuwa amepoteza siku tatu. Tulipomwendea mwalimu, alisema yeye alitaka mtoto achore mwenyewe, hata kwa makaa juu ya kipande cha katoni. Mama hakumwuliza mwalimu. Na sisi, tuliomwona akipita na kuku kwapani, hatukumwuliza mama.

Wengine wetu tuna kosa la upande wa pili. Baba anakaa hadi saa nne usiku akiunda gari la waya, zuri ajabu, na mtoto amelala fofofo. Sasa mwalimu atampa nani alama?

Tunasikia wengine wakisema, “Mimi sikusoma, nitasaidia nini?” Mwambie mtoto akusomee kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole. Akikwama, mngoje kidogo. Halafu akueleze kwa Lubukusu, Kisabaoti au lugha yoyote ya nyumbani alichosoma. Akishindwa kukueleza, basi hajaelewa, na umelijua hilo bila kusoma hata herufi moja. Hesabu je? Punje za mahindi ziko. Mpe ishirini, azipange tano tano. Dakika kumi na tano zinatosha kwa mtoto wa umri huo, na zifanywe kabla ya giza. Saa moja jioni huku kwetu jua limekwisha kuzama, na moshi wa koroboi si mzuri kwa macho wala kifua. Kwa hiyo Jumamosi asimalize siku nzima akipalilia halafu tumdai kazi usiku akiwa anasinzia.

Kikundi chetu kimeanza hivi: kutoka mchango wa kila wiki tunatoa kidogo, tunanunua makasi, gundi na rangi, vinakaa kwa mweka hazina. Katoni tunaomba madukani. Jumamosi saa nane watoto wanakusanyika, mtu mzima mmoja anakaa nao. Yeye hafanyi kazi yao, anawaangalia tu. Kazi isiyoeleweka, anamwendea mwalimu Jumatatu asubuhi kwa niaba ya wote.

Ile zamu ndiyo ngumu, hatuwafichi. Akina baba wanasema ni kazi ya akina mama. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja tu, na watoto bado wanamwulizia.

Vikundi vinavyotaka kuja kuona, mjulisheni katibu kabla hatujatoka hapa.