Wimbo wa Gerezani Si Mchezo



Si ajabu kumsikia mtu apitaye jioni karibu na ukuta wa gereza, akasikia ngoma na kwaya ndani, akasema kwa uchungu: "Kumbe hawa wanastarehe! Aliyeua anaimba, na aliyefiwa analia." Maneno hayo yana asili yake. Katika nchi iliyopoteza watu zaidi ya milioni moja kwa muda wa siku 100 katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mtu anayeuliza muuaji ana haki gani ya kuimba hastahili kukemewa. Anastahili kujibiwa. Jibu hilo ndilo tunalolitafuta katika mazungumzo ya leo.

Kwanza na tukubaliane juu ya jambo moja. Sanaa peke yake haimtakasi mtu. Sisi katika nchi hii tunalijua hilo kuliko wengi. Simon Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji hodari, mwenye kundi lake la ngoma, na nyimbo zake zilipigwa katika redio ya RTLM wakati damu ikimwagika. Tarehe 2 Desemba 2008, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kuwachochea watu waziwazi kufanya mauaji ya kimbari, kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani kati ya Kivumu na Kayove mwezi Juni 1994. Alifariki mwaka 2018 nchini Benin. Basi asitudanganye mtu kwamba kila mwenye sauti tamu ana moyo mwema. Kipaji ni kama kisu cha jikoni. Hutazamwa kinakata nini.

Ikiwa ndivyo, kwa nini basi mfungwa aimbe, asuke, achonge au achore? Nitaeleza.

Miaka michache baada ya mwaka 1994, magereza yetu yalikuwa na watu zaidi ya 100,000. Gereza la katikati ya Kigali, lile lililoitwa "1930" kwa mwaka wa kujengwa kwake, ambalo wafungwa wake walihamishiwa Mageragere, lilikuwa moja ya mahali palipofurika. Mtu aliyelundikwa namna hiyo huzungukwa na watu mchana na usiku, na hata hivyo huwa peke yake. Kila mmoja hulinda mkeka wake, chakula chake na siri yake. Na siri ndiyo kubwa, maana mwenye kuficha alilotenda humwogopa hata jirani anayelala ubavuni pake.

Sasa mtieni mtu huyo katika kwaya. Jambo la kwanza analolazimishwa kujifunza ni kunyamaza na kuwasikiliza wengine. Akianza kabla ya wakati, anaharibu kazi ya wenzake arobaini, na wote wanajua ni yeye. Mpeni kusuka kikapu cha agaseke, kile kilichomo hata katika nembo ya Taifa. Kazi hiyo huanzia chini, mzunguko juu ya mzunguko, na kosa la mzunguko wa tatu huonekana mpaka kwenye kifuniko. Hawezi kulifunika kwa maneno. Ni lazima afumue, arudi nyuma, aanze tena. Kwa mtu ambaye maisha yake yote alisema "niliamrishwa" au "sikuwapo", hilo ni somo kubwa: kwamba kazi hii ni ya mkono wangu, na kasoro hii ni yangu.

Hapo ndipo sanaa inapokutana na haki. Gacaca, iliyofungwa rasmi mwezi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zipatazo milioni mbili, iliweka msingi ulio wazi: anayekiri alilotenda, akaeleza waliouawa wako wapi, akaomba msamaha, apunguziwe adhabu. Ukweli ulitangulia. Nasi tuseme hivyo hivyo juu ya wimbo. Mfungwa anayeimba toba hali amekataa kuonyesha miili ilikotupwa anaongeza uongo juu ya damu. Lakini aliyekwisha sema kweli mbele ya watu, naye anatafuta namna ya kuishi nao tena, huyo kwaya na karakana zinaweza kumshika mkono.

Majirani zetu nao wana ya kutufunza. Katika Gereza Kuu la Zomba nchini Malawi, lililojengwa tangu enzi za wakoloni na kusongamana kupita kiasi, wafungwa wanaume kwa wanawake walirekodiwa wakiimba nyimbo walizozitunga wenyewe. Santuri yao ilitolewa mwaka 2015, na mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Grammy kule Marekani. Hawakushinda. Lakini enyi askari, sikilizeni hili: katika santuri ile waliimba pia askari wa gereza lenyewe. Mlinzi na mlindwa walisimama mbele ya chombo kimoja, na kesho yake mlango ulifungwa kwa kufuli kama kawaida. Nidhamu haikuvunjika.

Kenya nako, hata wafungwa ambao hawakuua wala kuiba, waliofungwa kwa sababu ya maneno yao, waliokolewa na kazi hiyo wasipotee kwa upweke. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu tangu mwaka 1969 kwa waraka wake uitwao "Kenya: Twendapi?". Akiwa gerezani aliandika mashairi katika karatasi za msalani. Yalipochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyopewa jina la Jomo Kenyatta, yaani Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o naye, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima katika karatasi za namna hiyo. Katika upekuzi zilichukuliwa. Kisha mkuu wa gereza, baada ya kuzikagua, akamrudishia. Ofisa yule hakufungua mlango, wala hakuvunja amri. Alikagua, akapima, akatenda haki. Leo riwaya ile inasomwa duniani kwa sababu askari mmoja alijua tofauti kati ya silaha na karatasi.

Wapo watakaosema kwamba sindano, patasi na nyundo ni hatari mikononi mwa wafungwa. Ni kweli. Basi zihesabiwe asubuhi, zihesabiwe jioni, na anayekosa chombo aulizwe. Hiyo ni kazi ya ulinzi kama nyingine. Kuzuia kila kitu ni rahisi kwa mlinzi mvivu, lakini mfungwa akaaye bure miaka 20 hatoki akiwa mtu salama. Mkono mtupu haulambwi.

Na wanatoka. Hilo ndilo linalowahusu hata ninyi msiolinda magereza. Wengi waliofungwa kwa mauaji ya kimbari wanamaliza vifungo vyao sasa, wazee wa mvi, nao wanarudi vilimani kwao, nyumba mbili au tatu kutoka kwa manusura ambaye ndugu zake hawatarudi kamwe. Polisi wa tarafa ndiye atakayeitwa usiku pakitokea ugomvi. Je, afadhali arudi nani? Yule aliyekaa miaka yote akinung'unika gizani, au yule aliyejifunza kusikiliza sauti ya mwenzake na kufumua kosa lake kwa mkono wake?

Hatuwaombi manusura wasahau, wala hatuwaamrishi wasamehe. Msamaha ni mali yao. Wapo wajane wa mwaka 1994 waliokaa chini kusuka vikapu pamoja na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani, na hakuna aliyewalazimisha. Ninyi wenye sare tunawaomba dogo kuliko hilo. Mkisikia kwaya nyuma ya ukuta, msicheke. Ulizeni kama waimbao wamekwisha sema kweli. Wakiwa wameisema, waacheni waimbe, na mlango ubaki na kufuli yake.