Mali ya Ardhini ni Amana



Tumeombwa tuzungumze juu ya madini, wawekezaji na haki za binadamu. Wapo watakaouliza: kwetu kuna nini? Kuna mawe laini ya Tabaka, yanayolisha familia za wachongaji. Na jirani zetu wa Migori na Transmara wana dhahabu. Lililowapata wengine laweza kutupata.

Tutazame ng'ambo ya mpaka, Tarime, Tanzania. Mgodi wa North Mara, uliokuwa wakati huo mali ya kampuni za kigeni, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Wachimbaji wadogo waliopata riziki hapo wakabaki nje ya ua. Mwezi wa Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano waliokuwa wameingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Mwaka 2013 wanakijiji walifungua kesi mjini London. Mwaka 2015 ikamalizwa kwa maafikiano nje ya mahakama. Mtu wa Tarime akaitafuta haki yake Uingereza!

Hatusemi wageni wafukuzwe. Mtaji na ajira twavihitaji. Twasema mkataba usifungwe gizani. Wakenya walipodai vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991, hawakudai kura peke yake. Walidai serikali inayojibu maswali.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, yaweka madini mikononi mwa Serikali ya kitaifa kama amana ya wananchi. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari. Sheria ya Madini ya 2016 yagawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali pachimbwapo.

Lakini sheria isiyosomwa ni panga lililo alani. Kwa hiyo, kila kanisa lichague watu wachache waulize kwa barua: nani amepewa leseni, eneo lipi, kwa miaka mingapi? Wala mzee yeyote asitie kidole gumba kwenye karatasi ya ardhi kabla haijasomwa kwa Ekegusii, akina mama wakiwapo.

Nabothi alikuwa na haki juu ya shamba lake. Alichokosa ni mashahidi wa kweli. Sisi na tuwe mashahidi hao.